Kuosha Ufuo Si Kuuponya

Leo tuko Alaska, Marekani, ambako Machi 24, 1989, meli ya Exxon Valdez ilipanda mwamba na kumwaga lita zipatazo milioni 41 za mafuta ghafi. Pwani ya kilomita 2,000 hivi ilichafuka.

Wasafishaji walikuja na mipira ya maji ya moto yenye kasi kali. Mawe yaling'aa, na picha zilipendeza kwenye televisheni. Kumbe kome, konokono na mwani walionusurika na mafuta waliungulia kwenye maji hayo. Bahati nzuri, wanasayansi waliomba sehemu chache za ufuo zisioshwe, wapate kulinganisha. Palipooshwa ndipo uhai ulipochelewa kurudi.

Kuna na hasara isiyoonekana upesi. Chini ya fukwe hizo kuna mabaki ya vijiji vya kale vya Waalutiiq, wenyeji wa asili wa pwani hiyo: zana za mawe, mifupa, majivu ya meko. Wanaakiolojia walitangulia kukagua kabla ya vibarua kushuka, lakini maelfu ya watu walipofika kusikokuwa na mlinzi, wengine walichimba na kutia mfukoni. Kwa maoni yangu, huo ni msiba mkubwa kuliko mafuta yenyewe, kwani kifaa kikishang'olewa mahali pake hakisimulii tena kilikuwa cha nani, wala cha lini.

Sehemu ya fedha za fidia ya mafuta hayo ilijenga jumba la makumbusho la Waalutiiq mjini Kodiak, lililofunguliwa 1995, na wenyeji ndio wanaolisimamia.