Damu ya mwenye kosa itatulipa nini?

Mazungumzo na familia zilizohama makwao na viongozi wao, Butembo

Najua wengine wameacha vibarua vya siku nzima ili wakae hapa, kwa hiyo sitazunguka.

Katika mkutano uliopita mama mmoja alisimama kule nyuma akaniuliza: «Ninyi watu wa amani mnatuambia tusilipize. Yule aliyeua watoto wangu, mnamtakia nini?» Sikumjibu vizuri. Nilisema maneno ya kitabuni, na yeye akakaa chini bila kusema kitu. Leo nimerudi kwa ajili ya swali lake.

Kwanza niseme ukweli. Mimi pia nilizika mdogo wangu katika vita hivi. Siku zile, kama mtu angeniletea muuaji amefungwa kamba, nisingezungumza juu ya haki za binadamu. Kwa hiyo anayetaka muuaji auawe, simwoni kuwa mtu mbaya. Naona mtu aliyeumia.

Mnajua mambo yalivyo katika nchi yetu. Tangu mwaka 2003 mahakama ziliendelea kutoa hukumu ya kifo, lakini serikali haikuitekeleza. Halafu tarehe 13 Machi 2024 Wizara ya Sheria ilitoa waraka wa kuondoa kizuizi hicho. Waraka ulitaja usaliti ndani ya jeshi na ujambazi wa mijini unaoua watu. Wengi walipiga makofi, hata katika vikundi vyetu. Sasa naambiwa kuna barua inayopita, na viongozi wanaombwa watie sahihi ili serikali iharakishe kuua waliohukumiwa. Kabla hamjashika kalamu, tuongee.

Mliokimbia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024 mnakumbuka njia ile ya kuja huku. Mnakumbuka na askari waliokimbia mbele yenu, wengine wakivunja maduka. Siku chache baadaye, tarehe 3 Julai, mahakama ya kijeshi ilikaa Alimbongo, hapo hapo Lubero, ikahukumu askari 25 wafe kwa kumkimbia adui na makosa mengine. Kesi ilichukua siku moja. Siku moja kwa watu 25! Hapa Butembo kesi ya mpaka wa shamba la kahawa inaweza kula miaka. Katika siku moja nani aliulizwa kama askari wale walikuwa na chakula, kama walikuwa na risasi, ni mkubwa gani aliyetoa amri ya kurudi nyuma? Siwatetei walioiba. Nasema sisi tuliopoteza mali na watu tulihitaji majibu ya maswali hayo kuliko mtu mwingine yeyote.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 16, inasema mtu ni kitu kitakatifu na serikali inapaswa kumlinda. Kifungu cha 61 kinasema hata wakati wa dharura, haki ya kuishi, haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa haziguswi. Sasa jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na raia pia wanapelekwa mbele ya waamuzi wa jeshi. Kijana wako akikamatwa barabarani bila kadi ya uchaguzi, akaitwa mpelelezi wa adui, ni huko atakakopelekwa. Ninyi wakimbizi mnajua nani hukosa karatasi wakati wa kukimbia.

Nitawapa mfano mmoja, nao ni mrefu kidogo. Juni 2010, kule Kinshasa, mtetezi wa haki za binadamu Floribert Chebeya aliitwa kwenye makao makuu ya polisi, akaenda na dereva wake Fidèle Bazana. Chebeya alikutwa amekufa ndani ya gari lake. Bazana hakuonekana tena. Mwaka 2011 mahakama ya kijeshi ilihukumu polisi wanne wafe, watatu kati yao wakiwa wametoroka. Mmoja wa wale watatu aliitwa Paul Mwilambwe. Akiwa mafichoni nje ya nchi, mtu huyu alianza kusema aliyoyaona usiku ule. Ushuhuda wake ulisaidia kufufua kesi iliyokuwa imelala. Mwaka 2022 mahakama kuu ya kijeshi ilisikiliza upya, ikampata Mwilambwe hana hatia.

Mnaona? Kama angekamatwa mapema na kupigwa risasi, asiye na kosa angekufa, na wakubwa wangelala usingizi. Na mjane wa Bazana, aliyekuwa bado hajapewa mwili wa mume wake wa kuzika, angebaki bila hata yale machache aliyoyasikia. Wakubwa wanaotoa amri hawapendi mashahidi. Kumuua yule mdogo aliyetumwa ni kuwafanyia kazi yao.

Sasa nije kwenye hoja yenye nguvu ya wenzetu, kwa sababu sitaki kuiruka. Wanasema: «Ukimfunga, atatoka.» Ni kweli. Oktoba 2020 gereza la Kangbayi, Beni, lilivunjwa, wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoka. Agosti 2022 ilikuwa zamu ya Kakwangura hapa kwetu, zaidi ya 800. Wengine kati yenu walilala nje ya nyumba kwa hofu usiku ule. Hofu hiyo haichekwi. Lakini tuulize: serikali iliyoshindwa kushika ufunguo wa gereza, tunaiaminije kushika bunduki ya kuua bila kukosea? Mlango ukivunjwa unatengenezwa, na mtu huweza kukamatwa tena. Tudai magereza yenye kuta na walinzi wanaolipwa. Hilo nitalitia sahihi hata leo.

Najua pia kutaja Rwanda mbele ya watu waliokimbia M23 ni kukanyaga kidonda. Sitaji kwa kuisifu serikali yake. Lakini mwaka 1998 waliwapiga risasi hadharani watu 22 kwa ajili ya mauaji ya 1994, na mwaka 2007 wakafuta hukumu ya kifo. Sababu yao kubwa haikuwa huruma: mahakama ya Arusha na nchi za nje zilikataa kuwapelekea washitakiwa ambao wangeweza kuuawa. Walitaka watu wale wafike mbele ya walionusurika. Burundi nayo ilifuta mwaka 2009. Na Bosco Ntaganda, aliyetesa ndugu zetu wa Ituri, kesi yake kule La Haye ilianza Septemba 2015, akakutwa na hatia Julai 2019, akapewa miaka 30. Miaka minne ya kusikiliza ni mingi, nakubali, na waliosubiri walichoka. Lakini mashahidi walisema hadi mwisho, maneno yao yakaandikwa, na waamuzi wakaamuru waathirika walipwe fidia.

Kuna jambo moja linanisumbua zaidi ya waraka wa Kinshasa, nalo liko kati yetu. Tangu watu waanze kusema kwamba kuua ndiyo haki, vijana wetu wamekuwa wepesi. Wiki tatu zilizopita mgeni mmoja alishikwa karibu na bomba la maji, mtu akapiga kelele «mwasi!», na mawe yakaanza. Mzee mmoja aliyeketi hapa mbele ndiye aliyemfunika kwa mwili wake. Baadaye ilijulikana kwamba yule mgeni alikuwa anatafuta mke wake, waliyepoteana njiani. Mzee hataki nimtaje, basi simtaji.

Mama yule aliyeniuliza, nilimtembelea juzi. Nilimuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Alifikiri, halafu akasema: anataka kujua nani aliwatuma, watoto wamezikwa wapi, na shamba lake linalimwa na nani sasa. Kuhusu kifo cha muuaji alisema, «Hilo bado linanijia usiku.» Sikumjibu.

Viongozi, ombi langu ni hili. Ile barua iacheni kwanza. Jumamosi saa tatu asubuhi tutakaa na mwanasheria kuandika majina ya waliouawa, tarehe, mahali, na nani aliona. Kila kiongozi alete watu watano wa kikundi chake, na wawili wawe wanawake. Wenye karatasi za mashamba wazilete, hata zilizolowa mvua. Majina hayatasomwa hadharani, na hakuna atakayelazimishwa kusema. Mama amekubali kuwa wa kwanza.