Kutoka Wodini Mpaka Nyumbani
(Hotuba kwa wanachama)



Mtoto akiruhusiwa kutoka hospitali twafurahi, twapanda matatu. Lakini uuguzi haujaisha. Umehamia mikononi mwetu wazazi. Mtoto aliyeugua kuhara hupewa zinki ya siku 10 mpaka 14. Kuhara kukikoma siku ya tatu, wengi wetu twaiacha, na kumbe ndiyo inayomkinga asihare tena miezi 2 au 3 inayofuata. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege au akilegea asiamke, turudi hospitali mara moja, hata usiku.

Kwa hiyo twataka kila wodi ya watoto iwe na muuguzi wa kazi hii hasa: kumweleza mzazi kwa lugha anayoielewa, kumsikiliza akiyarudia maneno hayo, kisha kumkabidhi mtoto kwa mhudumu wa afya wa mtaa wake. Mwaka 2023 Serikali ilianza kuwagawia mikoba wahudumu hao wapatao 100,000. Na wajulishwe jina la mtoto kabla hajafika nyumbani.

Nasi akina baba tuombe ruhusa kazini siku hiyo, tusikie wenyewe.