Farasi wa Ngong na Farasi wa Kwenye Kioo

Maelezo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na parokia, pamoja na wafadhili, Lushoto



Nimeombwa nieleze jinsi watu wanavyobashiri farasi atakayeshinda, na najua wapo wanaojiuliza habari za farasi zinahusu nini katika kikao cha vikundi vya akiba na mikopo. Huku milimani tunashusha kabichi na karoti kwa kichwa na kwa pikipiki hadi kwenye malori yanayokwenda Mombo kupitia Soni. Farasi wengi wetu tumemwona pichani tu. Hata hivyo baadhi ya vijana wetu wanabeti farasi. Wapo waliokopa fedha za mbegu ya viazi na mbolea, na fedha zikaishia huko. Ukiwauliza wanakujibu kwamba hawachezi bahati nasibu, wanachambua. Kabla kamati haijawaonya, ni vizuri ijue uchambuzi wa kweli ukoje. Kijana akigundua kuwa mzee hajui anachokikataza, hasikilizi tena.

Uwanja wa mbio tulio karibu nao ni ule wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954, chini ya Jockey Club ya Kenya. Kabla ya hapo mbio zilifanyika upande wa Kariokor. Pale Ngong farasi hukimbia kwenye majani, juu ya uwanda wa baridi kiasi, bila vizuizi vya kuruka. Nyanda za juu ziliwafaa farasi kwa sababu huko chini mbung'o na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi huwamaliza haraka. Mbio nyingi hufanyika Jumapili, jambo ambalo leo sitalisemea.

Mtu anayejua kazi yake hafiki uwanjani akaanza kutazama rangi za mashati ya wapanda farasi. Siku moja au mbili kabla huchukua kijitabu cha mbio na kusoma kila farasi amekimbia lini, umbali gani, amekuwa wa ngapi, na nyuma ya nani. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Farasi aliyekuwa wa nne katika kundi la farasi wazuri anaweza kuwa bora kuliko aliyeshinda kundi dhaifu. Ni kama mwanafunzi aliyeshika nafasi ya kumi katika shule nzuri. Huwezi kumlinganisha kwa namba tu na aliyekuwa wa kwanza penye watoto wanane.

Kisha huangalia uzito. Katika mbio nyingi msimamizi humpa farasi mwenye uwezo mkubwa mzigo zaidi, ili wote wawe na nafasi. Mpanda farasi hupimwa na tandiko lake kabla ya mbio na baada ya mbio, na akipungua huongezewa vipande vya risasi. Wataalamu huhesabu kwamba katika mbio za maili moja, paundi 2 hivi, yaani karibu kilo moja, ni sawa na urefu wa farasi mmoja pale mwishoni. Kwa hiyo farasi aliyemshinda mwenzake juzi kwa urefu mmoja, leo akiongezewa paundi 4, kwenye karatasi ndiye anayepaswa kushindwa. Mbio kubwa kama Derby ya Kenya, ambayo ni ya farasi wa miaka 3, haziendi hivyo. Humo mzigo haupangwi kwa kufuata uwezo, na aliye bora ana nafasi ya kuonyesha ubora wake.

Halafu kuna ardhi. Mvua ikinyesha usiku, majani hulainika, na farasi mwenye mwendo mwepesi anaweza kupoteza nguvu zake zote kwenye tope. Kuna umbali: wapo wa kukimbia kwa kasi mita 1,000 na kuishiwa pumzi, na wapo wanaoanza kuamka wenzao wanapochoka. Kuna mahali pa kuanzia, kwa maana anayeanzia nje kwenye kona hukimbia njia ndefu zaidi. Mwisho, mchambuzi hushuka kumwona farasi mwenyewe akizungushwa kabla ya mbio: manyoya yanang'aa? Anatoka jasho kabla hajakimbia? Anatua mguu mmoja kwa woga?

Juu ya miguu, Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kupata leseni ya kufundisha farasi akiwa bado msichana, alisimulia katika kitabu chake cha 1942 habari za farasi jike aitwaye Wise Child. Miguu yake ilikuwa dhaifu, ikabidi amfundishe kwa tahadhari ya mtu anayebeba mayai. Farasi mwingine aliyekuwa amemwandaa vizuri, Wrack, alikuwa ameondolewa kwake na mwenye farasi wiki chache kabla ya mbio na kupewa mkufunzi mwingine. Kwa kijitabu, wengi wangemchagua Wrack. Wise Child akashinda. Mama huyo ndiye aliyevuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936, na alirudi kwenye farasi hadi uzeeni. Alifariki Nairobi mwaka 1986. Namtaja kwa sababu alikuwa akijua farasi kila siku ya wiki, si siku ya mbio tu. Huo ndio ujuzi, na hata huo haukumhakikishia kitu.

Pale ambapo kumbukumbu zimetunzwa kwa miaka mingi, farasi anayepewa nafasi kubwa kuliko wote hushinda karibu mara 1 katika kila 3. Mara 2 zilizobaki, wajuzi wote wamekosea pamoja.

Sasa tuingie kwenye fedha, na hapa naomba mhasibu wa kila kikundi aandike. Chukueni mfano wangu wa farasi sita, wenye odi za 2.50, 4.00, 5.00, 6.00, 10.00 na 15.00. Tuseme unataka urudishiwe shilingi 100,000 yeyote atakayeshinda. Kwa wa kwanza utaweka 40,000, kwa wa pili 25,000, wa tatu 20,000, wa nne 16,667, wa tano 10,000, wa sita 6,667. Jumlisheni: 118,334. Umetoa 118,334 ili upate 100,000. Hizo 18,334 ni za mwenye duka, na amezipanga kabla farasi hawajatoka zizini. Penye mfumo wa kapu la pamoja ni hivyo hivyo: fedha zote huingia kapuni, msimamizi hukata fungu lake, kinachobaki ndicho wanachogawana walioshinda. Kwa hiyo hata mchambuzi hodari wa Ngong haitoshi awe sahihi. Inabidi awazidi wachambuzi wengine kwa kiasi kinachofidia makato hayo, na wanaoweza hivyo ni wachache sana.

Hao ni farasi wenye damu na pumzi. Vijana wetu hawabeti hao. Kwenye kioo cha duka la kubeti au cha simu kuna mbio zilizochorwa na kompyuta, zinazoanza kila baada ya dakika chache, mchana na usiku. Farasi ana jina, ana namba, ana mpanda mwenye shati la rangi, lakini juzi hakukimbia popote. Hakuna mvua iliyomnyeshea, hana mguu wa kuuma. Mshindi hutolewa na programu inayochagua namba kwa bahati, na odi unazoziona tayari zina makato ndani yake. Yote niliyoeleza kuhusu mzigo, ardhi na umbali hayana pa kushika. Kijana anayesema amemchambua farasi namba 4 amechambua picha. Tena kwa mbio za dakika chache, makato yale yanamrudia mara nyingi kwa saa moja, wakati wa Ngong hukatwa mara chache kwa siku nzima.

Kisheria biashara hii inaruhusiwa. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania inaisimamia chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kwa hiyo kamati haina mamlaka ya kufunga duka la mtu. Ina mamlaka juu ya daftari la mikopo.

Napendekeza mkopo wa pembejeo utolewe kwa mbegu na mbolea zenyewe, si fedha taslimu, kuanzia msimu ujao wa viazi. Na kijana akija na hoja ya uchambuzi, msimfukuze. Mketisheni na kalamu, apige ile hesabu ya farasi sita kwa odi za siku hiyo hiyo, kutoka kwenye simu yake mwenyewe. Kisha mwulizeni farasi wake alikuwa wa ngapi wiki iliyopita, na nyuma ya nani.