Mashine Ikataapo Kuwaka

Hapa Sumbawanga, penye kimo cha karibu mita 1,800, asubuhi za Juni ni za baridi kali, na mashine za petroli za kupukuchulia mahindi hugoma huku magunia yakingoja. Twawaomba msivute kamba hata mkono ufe ganzi. Fungueni plagi kwanza, mwitazame. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Angalieni bomba na chujio. Ikiwa imelowa, petroli imezidi, au cheche hakuna. Masizi meusi nayo mara nyingi yatokana na hewa yetu nyepesi ya mlimani, ambayo petroli huizidi, yasugueni. Cheche msiijaribu karibu na tundu lililo wazi: tulimwona mwenzetu akiunguza nyusi zote mbili.