Theluji ya Kibo na Maji ya Mifereji Yetu

Leo twataka kunena juu ya tabia ya nchi katika vihamba vya Kilimanjaro. Watu wengi hukitazama kilele cha Kibo kikipungukiwa na weupe wake, wakasema, "Theluji ikiisha, mifereji nayo itakauka." Na tuyapime maneno haya.

Kwanza, tusidhani kwamba mwaka mmoja ndio tabia ya nchi. Vuli ya mwaka 1997 ilileta mafuriko katika Afrika ya Mashariki, walakini haikuonyesha nchi yaelekea wapi. Wataalamu hupima mvua na joto kila siku, wakatafuta wastani wa miaka 30, ndipo hulinganisha.

Barafu ya Kibo nayo ni kipimo cha miaka mingi. Mwaka 1912 ilienea kilometa za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 hazikubaki hata 2. Tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya kileleni imepungukiwa na unyevu, kisha joto la dunia limezidi.

Je, tutakufa kwa kiu? Sivyo. Barafu ile ni kidogo, na sehemu yake kubwa hugeuka mvuke pasipo kuwa maji kwanza. Maji ya mifereji yetu hutoka msituni. Katika msitu wa upande wa kusini mvua hupita milimeta 2,000 kwa mwaka. Mjini Moshi haifiki nusu yake. Ukungu nao hunaswa na majani, ukadondoka matone. Udongo huyanywa maji hayo, ukayatoa polepole katika chemchemi, hata yakafika mto Pangani.

Basi la kuogopa ni moto. Nchi ikikauka, moto hupanda juu zaidi na kuila miti inasayo ukungu. Oktoba 2020 uliwaka siku nyingi. Mrina asali aachaye kijinga kikiwaka humdhulumu hata mkulima wa mpunga aliye tambarare, asiyemjua.

Yatupasa mambo matatu: tuulinde msitu na moto, tuzibe mifereji ivujapo, na kila shule iwe na kipimo cha mvua na daftari lake, ili wajukuu wetu wajue, wasikisie. Tusiililie theluji tukausahau msitu.