Kumfungia Mtoto Chakula cha Safari, Bila Nyama Wala Samaki

Wakati tunangoja zamu ya mizani, tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wananiuliza: nikisafiri na mtoto, nimfungie nini? Nyama sina, samaki sina, na maziwa ya kopo ni franga mingi.

Wengine kati yenu hawali nyama kwa kupenda kwao. Wengine hawali kwa sababu haiko. Kwa mwili wa mtoto ni sawasawa tu: unataka kujengwa, na haujui sababu. Basi, sikieni. Chakula cha shamba peke yake kinaweza kumfikisha mtoto salama, akivuka ziwa kwenda Kigoma, akipanda kamyo kwenda Bujumbura, hata akihamia mbali zaidi. Lakini si kila chakula cha shamba. Mama akifunga unga wa mihogo peke yake, mtoto atashiba lakini hatalishwa.

Siku tatu za njiani haziwezi kuleta bwaki. Lakini mnajua safari zetu. Mtu anasema nitakaa juma moja, anakaa miezi sita. Huko mgeni hana shamba, anakula bukari na chumvi, na mtoto anaanza kuvimba miguu, nywele zinakuwa nyekundu, hacheki tena. Kwa hiyo tunafunga chakula cha aina mbili: cha njiani, na cha majuma ya kwanza kule tunakofika.

Tuanze na njiani. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6, chakula chake ni ziwa la mama tu. Hakiozi, hakihitaji kuni, hakuna askari wa mpakani wa kukitoza ushuru. Msimpe hata maji. Ila mama mwenyewe ale vizuri na anywe maji mengi, hasa kwenye mashua, ambapo jua linapiga toka juu na toka majini.

Kwa mtoto aliyeanza kula, kitu bora ni karanga. Ni nyepesi, zina mafuta, zinajenga mwili. Zichagueni kwanza, moja moja. Yenye ukungu, iliyokunjamana, iliyogeuka rangi, tupa mbali. Usimpe kuku, usiitie katika supu. Sumu ya ukungu ule inaharibu maini na moto wa jikoni hauiondoi. Kisha kaangeni, na muache zipoe kabisa kabla ya kuzifunga. Ukizifunga zikiwa moto katika sasheti, zinatoa jasho na ukungu unarudi. Kwa mtoto mdogo msizitoe nzima, zinaweza kumkaba koo. Twangeni, tieni chumvi kidogo, wekeni katika kopo safi lenye kifuniko. Kijiko kimoja juu ya ndizi iliyoponda, mtoto amekula.

Pamoja na karanga bebeni chikwange, lakini majani yake yasifunguliwe mpaka saa ya kula. Ndizi za kuiva, viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi ya kukaanga kwa wakubwa, hivi vyote ni vizuri. Sombe na maharagi yaliyopikwa ni ya siku ya kwanza tu. Asubuhi ya pili, hata kama hayanuki, msimpe mtoto. Nimeona wamama wanabeba sufuria ya maharagi siku mbili juu ya kamyo, na kuhara kunaanza kabla ya kufika. Maharagi makavu ndiyo ya kubeba, ya kupika mkifika.

Sasa uji. Hapa kwetu Kivu tunajua masoso: mahindi, soja na mtama. Chukua vikombe viwili vya mahindi, kimoja cha mtama, kimoja cha soja. Soja ichemshwe kwanza karibu nusu saa, kisha ikaushwe, ikaangwe, ndipo isagwe. Soja mbichi inazuia tumbo kufanya kazi yake. Unga huu mkiutunza pakavu utawafaa majuma kadhaa. Kila sahani ya uji mtie kijiko cha mafuta ya mawese, yale mekundu, msiyachome mpaka yawe meupe. Wekundu ule unalinda macho ya mtoto. Na maji yachemke kweli, hata kama mwenye mashua anawahimiza.

Nimefika pale ninapotaka mnisikilize sana. Mihogo.

Mkijua mtasafiri Jumatano, wengi mnaloweka mihogo Jumatatu na kuitoa Jumanne. Mihogo michungu ina sumu. Inataka kulala majini usiku tatu, mpaka iwe laini kabisa, kisha ikauke juani. Ukipunguza siku, sumu inabaki. Mtu akila mihogo hiyo kila siku kwa majuma, na hana maharagi wala karanga za kusaidia mwili, anaweza kupata konzo. Analala mzima, anaamka, miguu imekuwa migumu kama miti. Haina maumivu makubwa, haina homa, na miguu hairudi kama zamani. Inashika zaidi watoto na wamama wa umri wa kuzaa.

Konzo ni neno la Kiyaka, ni kusema miguu iliyofungwa. Munganga Trolli aliandika juu yake mwaka 1938, kule Kwango. Baadaye, wakati barabara ya Kikwit na Kinshasa ilipokuwa nzuri, watu wa Bandundu waliuza mihogo mingi mjini, na kwa haraka ya biashara wakaiondoa majini mapema. Konzo ikazidi. Na huku kwetu Kivu ya Kusini wanganga wameiona pia, katika miaka ya vita. Mnaona basi: haraka ndiyo inayoileta, na safari ni haraka. Afadhali kubeba unga kidogo uliolowekwa vizuri, nafasi inayobaki mjaze karanga.

Na kama mmenunua unga njiani, hamjui uliwekwa majini siku ngapi? Kuna njia, wamama wa Kwango wanaifanya. Tia unga katika beseni, weka alama pale unapofika. Ongeza maji ukikoroga: utaona unga unashuka kwanza, kisha unapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Tandaza juu ya mkeka, mwembamba, usizidi unene wa kidole. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5. Sumu inatoka na hewa. Kisha pika bukari siku ileile. Ni kazi kidogo, lakini miguu ya mtoto si kitu cha kujaribia.

Kule mnakofika, mgeni anakosa mboga kuliko unga. Fungeni mbegu za lengalenga katika kitambaa. Ngumi moja inatosha bustani nzima, na baada ya majuma matatu au manne mnaanza kuchuma. Ulizeni kwanza kwa watu wa mpakani kama wanazikubali. Miti ya mihogo msivushe, inabeba ugonjwa wa mozaiki mpaka mashamba ya wengine.

Kwa wale ambao hawali kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, miaka na miaka: kuna vitamini moja, B12, ambayo mimea haitoi. Karanga haina, sombe haina. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha aseme kwa muuguzi kabla ya kuondoka, apewe vidonge. Msione haya. Mtoto anayenyonya kwa mama asiye nayo anaweza kulegea na kuchelewa kukaa.

Mwisho, katika mfuko wa chakula tieni pakiti mbili za serumu ya kunywa. Zikikosa, maji yaliyochemshwa lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Si zaidi ya hapo, chumvi nyingi ni hatari. Mtoto akihara, mpeni kidogo kidogo, na msimkatie ziwa wala uji. Kadi yake ya chanjo muifunge katika sasheti pamoja na pakiti hizo, isilowe. Kule ng'ambo wataiomba siku ya kwanza ya kumpima.

Haya, nani anasafiri juma hili? Abaki nyuma kidogo, tuhesabu pamoja vikombe vya unga.