Nyambizi UC-71 na Mizigo ya Kongo



Kampene, katika teritori ya Pangi, Maniema, iko mbali na bahari. Hata mto Lualaba tunaufikia kwa safari. Mwanafunzi ana haki ya kuuliza kwa nini mhadhara wa leo unahusu nyambizi ya Kijerumani iliyoundwa Hamburg mwaka 1916. Jibu langu ni fupi: nyambizi ile iliundwa ili kukata njia za mizigo, na mojawapo ya njia ilizozikata ilianzia huku kwetu, kwenye mito na reli za Kongo.

Tuanze na chombo chenyewe. UC-71 ilishushwa majini tarehe 12 Agosti 1916 katika karakana ya Blohm & Voss, ikaingia jeshini tarehe 28 Novemba mwaka huohuo. Urefu wake ulikuwa mita 50 hivi, na wanamaji wake 26 tu. Ikiwa juu ya maji ilisukumwa na injini mbili za dizeli, ikapata mwendo wa maili 12 za baharini kwa saa. Dizeli haiwaki bila hewa, kwa hiyo ikizama ilitegemea mota za umeme na betri, na mwendo ukashuka hadi maili saba. Betri zikiisha, haikuwa na budi kupanda juu kuzijaza tena. Nyambizi za wakati ule, tuseme kweli, zilikuwa mashua za juu ya maji zenye uwezo wa kujificha kwa muda.

Lakini silaha yake hasa haikuwa mzinga wala topedo, ingawa ilikuwa navyo vyote viwili. Sehemu ya mbele ilikuwa na mabomba sita mapana, yaliyopita mwilini mwake kutoka juu hadi chini kwa kuinama kidogo. Kila bomba lilibeba mabomu ya majini matatu, jumla 18. Bomu lilianguka pamoja na nanga yake mpaka sakafu ya bahari. Huko, kizibo maalumu kiliyeyuka majini taratibu. Kilipokwisha, bomu liliachiliwa likapanda, huku limefungwa kwenye nanga kwa kamba ya chuma, likasimama chini kidogo ya uso wa maji kungojea meli. Ucheleweshaji huo ndio ulioipa nyambizi nafasi ya kuondoka salama. Mabomba yalikuwa wazi kwa maji ya bahari, kwa hiyo kina cha kila bomu kilipangwa bandarini, na safarini hapakuwa na mkono wa kukibadilisha. Kazi hiyo iliwaua hata wenyewe: UC-44, ya aina hiyohiyo, ilizama karibu na Waterford, Ireland, Agosti 1917, kwa bomu la Kijerumani.

Ninasema wazi mbele yenu: ufundi huu unastahili kusomwa na kila kijana anayejifunza umakanika, na kazi uliyotumiwa kufanya inastahili kulaaniwa. Bomu la majini halitofautishi baharia wa vita na mpishi wa meli ya mizigo.

Kuanzia tarehe 1 Februari 1917 Ujerumani iliruhusu nyambizi zake kuzamisha meli za biashara bila onyo. UC-71 ilikuwa katika kundi la Flanders, lililotumia Brugge na Zeebrugge, yaani ardhi ya Ubelgiji iliyokuwa imetekwa. Hesabu yake mwishoni mwa vita ilipita meli 60. Kapteni wake katika miezi ya kiangazi cha 1917 alikuwa Reinhold Saltzwedel. Tarehe 8 Agosti alikutana na Dunraven, meli ya Waingereza iliyojifanya ya biashara huku imeficha mizinga. Gordon Campbell, kamanda wake, aliiacha meli yake iungue huku mabaharia wakivumilia moto kando ya baruti, akingoja nyambizi isogee. Saltzwedel hakunaswa. Aliipiga Dunraven kwa topedo, akaondoka. Siku mbili baadaye meli ile ilizama ikivutwa kwenda bandarini.

Hata mwezi haukupita, tarehe 6 Septemba 1917, karibu na kisiwa cha Belle-Île, Ufaransa, UC-71 iliizamisha Elisabethville, meli ya tani 7,000 hivi ya kampuni ya Kibelgiji iliyohudumia Kongo. Ilikuwa ikirudi kutoka Matadi. Watu 14 walikufa.

Sasa fuateni njia ya mizigo tangu mwanzo wake. Mzigo wa Maniema ulipakiwa Kindu kwenye meli ya mto hadi Ponthierville, Ubundu ya leo. Hapo ulipakuliwa, ukapandishwa reli ili kuyakwepa maporomoko, hadi Stanleyville, yaani Kisangani. Kisha meli tena hadi Léopoldville, reli tena hadi Matadi, ndipo bahari. Kila kituo kilikuwa na mabega ya watu. Uchimbaji mkubwa wa kasiterite, madini ya bati, ya Maniema ulikuwa bado haujaanza. Mzigo wa wakati ule ulikuwa mawese na pembe za ndovu, na almasi za Kasai. Topedo moja ilifuta miezi ya jasho hilo kwa dakika chache. Mwezi uleule wa Septemba askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, na wapagazi wao walikuwa wakielekea Mahenge, katika Tanzania ya leo, waliyoiteka Oktoba 1917. Mkongo alipigana na Mjerumani nchi kavu, na jasho lake likazamishwa na Mjerumani baharini, kwa nyambizi iliyotoka kwenye bandari za mtawala wake mwenyewe. Ndiyo maana sikubali kwamba vita vya nyambizi ni historia ya Ulaya peke yake.

Saltzwedel alikufa Desemba 1917 ndani ya nyambizi nyingine, UB-81, baada ya kugonga bomu la majini. UC-71 ilimaliza vita ikiwa nzima. Tarehe 20 Februari 1919, ikiwa njiani kwenda kukabidhiwa kwa Waingereza, ilizama karibu na Helgoland, na uchunguzi wa wapiga mbizi umeonyesha kwamba wanamaji wake waliizamisha kwa makusudi.

Mwaka 1928 wapiga mbizi wa Kiitaliano wa meli Artiglio waliifikia Elisabethville, wakitafuta almasi. Sefu ilipatikana, almasi hazikuwamo. Walichopandisha ni pembe za ndovu.

Wanafunzi wa historia, kazi ninayowaachia ni hii. Habari za UC-71 zimeandikwa siku kwa siku: kapteni, tani, saa ya kupiga. Nendeni Kindu, Kasongo na Ubundu, mkaulize familia za mabaharia wa mto, wafanyakazi wa reli na wapagazi. Andikeni majina, vituo, na malipo waliyopewa kwa kila mzigo. Ukurasa huo ukishapatikana, uwekwe kando ya ule wa Hamburg, tuzisome kurasa hizo pamoja.